Mahenge 2006, Mtwara 2022: Polisi wanaua, Polisi wanachunguza, sisi tunaundiwa Tume

#1 Mlalahoi wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kesi mbili nataka tuziweke meza moja. Kila moja imejadiliwa humu kivyake mpaka ikachosha, ila sijaona mtu aliyezisoma kwa pamoja. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Ya kwanza ni ya Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, kule Ulanga, wamekuja Dar kwa biashara zao. Wanakamatwa Sinza Palestina pamoja na dereva teksi. Baadaye tunatangaziwa kwamba majambazi wanne wameuawa katika majibizano ya risasi na Polisi. Kumbukeni hali ya wakati ule: Kikwete hajamaliza hata mwezi Ikulu, ujambazi wa bunduki umeshika kasi, magari ya pesa yanavamiwa mchana kweupe. Taarifa ile ilipokelewa kwa vigelegele. Mimi nilikuwa kijiweni, na watu walisema safi sana, wamalizwe wote.

Ndugu wa marehemu hawakukubali. Walipiga kelele mpaka Rais akaunda Tume chini ya Jaji Kipenka. Tume ikaja na jibu ambalo hakuna aliyelitaka: wale hawakuwa majambazi na majibizano ya risasi hayakuwepo. Walichukuliwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande, wakauawa huko.

Kesi ikaenda mahakamani, mshtakiwa wa kwanza akiwa Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Jaji Massati akawaachia washtakiwa wote, akasema waliofyatua risasi hawako mbele yake. Koplo aliyetajwa kwamba ndiye aliyefyatua alishatoweka zamani. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mtu mmoja tu, Christopher Bageni, adhabu yake kunyongwa. Watu wanne wameuawa na kikosi kizima, miaka kumi ya mahakama, hatia ya mtu mmoja.

Ya pili ni ya Mtwara. Kijana Mussa Hamisi, mfanyabiashara wa madini pia, mtu wa Nachingwea. Mwaka 2021 Polisi wanamkamata kwa tuhuma za wizi, wanapekua, wanamkuta na mamilioni ya shilingi, wanayachukua. Anaachiwa bila pesa zake. Sasa na wewe jiulize ungefanya nini. Alifanya ambacho raia yeyote angefanya, akawa anafuatilia, anarudi kudai. Januari 2022 akaitwa, akaenda, hakurudi. Ndugu wakapiga kelele, ikabainika ameuawa na mwili umetupwa porini. Polisi saba wakashtakiwa. Mwingine, mkaguzi, alikutwa amekufa akiwa mahabusu hata kabla kesi haijasimama, taarifa ya Polisi ikasema amejinyonga. Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara ikawahukumu wawili kunyongwa, watano wakaachiwa.

Mpaka hapo mtasema yote haya tunayajua. Sawa. Sasa angalieni vyeo.

Bageni alikuwa nani? OC-CID wa Kinondoni, mkuu wa upelelezi wa wilaya. Gilbert Kalanje, mmoja wa wale wawili wa Mtwara, alikuwa nani? OC-CID wa Mtwara. Miaka 16 imepita kati ya tukio na tukio, mikoa miwili tofauti, na kiti ni kile kile.

Kwa wasiojua kituo cha polisi kinavyofanya kazi: ukiibiwa, unaingia kaunta, unaeleza, unaandikiwa RB, namba ya taarifa yako. Jalada likifunguliwa linapanda kwa OC-CID. Yeye ndiye anayepanga mpelelezi, ndiye anayeamua lipi lisukumwe na lipi lilale kwenye droo. Kwa hiyo Mussa angekwenda kuripoti kwamba ameibiwa pesa, jalada lake lingetua mezani kwa nani? Kwa bosi wa waliomwibia. Hakukuwa na mlango mwingine. Angeweza kwenda kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, ambaye angemwita OC-CID amwandikie maelezo. Angeweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ikishachunguza inatoa mapendekezo, na mapendekezo hayamlazimishi mtu. Angeweza kwenda kwa mbunge, akaambiwa ngoja bunge likae.

Na hili la Polisi kujichunguza si mimi niliyeanza kulisema. Februari 2022 Rais Samia, akiwa ziarani Kanda ya Ziwa, alilisema waziwazi kuhusu Mtwara: haiwezekani Jeshi la Polisi litende halafu lijichunguze lenyewe. Akamwagiza Waziri Mkuu aunde kamati huru. Nilishangilia siku ile, nakiri. Nikasema sasa kinakuja chombo huru. Ikaja kamati. Mwaka uliofuata ikaja Tume ya Haki Jinai, mwenyekiti Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ndani yumo Balozi Sefue, yumo IGP (mkuu wa Jeshi la Polisi) mstaafu Mwema. Julai 2023 wakakabidhi ripoti Ikulu, ikasomwa kwa kirefu kwenye televisheni, na kwa kweli ilikuwa na mambo mazito kuhusu upelelezi, mahabusu na ukamataji. Halafu Novemba 2025, baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29 na siku zile tulizokaa ndani bila intaneti, ikaundwa Tume nyingine. Mwenyekiti? Jaji Chande. Wajumbe? Balozi Sefue yumo, IGP Mwema yumo.

Sina ugomvi na wazee hawa, wengine ni watu wa heshima zao. Hoja yangu ni kwamba Tume inaundwa na mtu, inaripoti kwa mtu, na ikimaliza inavunjwa. Haina geti ambalo mama wa Nachingwea anaweza kwenda kuligonga Jumatatu asubuhi.

Mnakumbuka Ali Kibao, kada wa Chadema? Septemba 2024 alishushwa kwenye basi pale Tegeta, abiria wanaangalia, mwili ukaokotwa Ununio siku iliyofuata. Ndugu zake walianza kumtafuta wapi? Polisi. Na kila anayesikia hadithi ile anajua ni nani aliyekuwa wa kwanza kushukiwa mtaani. Labda mtaa unakosea. Lakini nani atatuthibitishia kwamba unakosea, ikiwa mchunguzi ni yule yule?

Sisemi askari wote ni wauaji, tusianze hapo. Nasema mwizi wa simu Buguruni na mkubwa aliyeagiza mtu apotee wanaishi kwa raha moja, kwamba jalada halitembei. Sisi tunazilalamikia kama shida mbili, moja ya vibaka na nyingine ya siasa. Naona ni shida moja.

Nawasilisha.

#2 Kipusa wa Mchambawima

Nimekaa kwenye kona na kahawa yangu.

#3 Ngosha Asiyelala

Mkuu umeandika vizuri ila umekwepa mzizi. Nani anamteua IGP? Nani anamteua DPP, mkurugenzi wa mashtaka? Nani anateua makamishna wa hiyo Tume ya Haki za Binadamu? Ni mtu mmoja. Na huku chini, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru uwekwe ndani mpaka saa 48. Nimeona kwa macho DC anamweka ndani mwenyekiti wa kijiji kwa sababu wananchi hawakujitokeza vya kutosha kwenye mapokezi yake. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, alikuwa amesimama pembeni, anatazama ardhi. Akatae, kesho apangiwe kituo ambacho hata barabara haijafika?

Askari anajua fika chakula chake kinatoka wapi, na si kwako wewe uliyeibiwa televisheni.

#4 Afande Mstaafu

Nimelitumikia jeshi hili mpaka nikastaafu, na nyuzi kama hizi huwa nazipita. Leo nachangia.

Waliohukumiwa wamehukumiwa, sina cha kuwatetea, na mtu aliyevaa gwanda akamuua raia kwa ajili ya pesa kanitia aibu mimi kuliko alivyokutia wewe. Lakini mnaposema "jalada halitembei" mnajua linatembeaje? Mpelelezi mmoja ana mafaili mpaka yanaanguka mezani. Gari la kituo ni moja, na mafuta yanakuja kwa mgao ambao ukienda matukio mawili ya mbali umekwisha. Ndiyo maana mnaombwa mafuta. Si sahihi, najua si sahihi, lakini siku nyingine chaguo ni hilo au tukio lisiendewe kabisa. Niliwahi kujaza mafuta kwa mshahara wangu nikamfuata mbakaji, na hakuna aliyenirudishia hata ahsante.

Halafu shahidi. Mwizi anakamatwa mtaa mzima unapiga kelele, kesi ikipelekwa mahakamani mlalamikaji haji, shahidi kahama, mwingine keshapatana na familia ya mwizi nyumbani. Hakimu anafuta. Kesho mnamwona mtaani, mnasema Polisi wamekula hela.

Na mkumbuke Kibiti, Aprili 2017, askari wanane waliuawa kwa mpigo mmoja. Mkumbuke Agosti 2021 pale karibu na ubalozi wa Ufaransa, askari watatu na mlinzi. Hao nao walikuwa na watoto. Sikuona Tume iliyoulizia wajane wao wanaishi kota gani na lini wanatakiwa kuhama.

#5 Mlalahoi wa Tabata

Afande, nimekusoma mara mbili na nakuheshimu. La mafuta nalijua, na ninaamini ulichosema.

Ila nijibu hili bila hasira. Chama cha upinzani kikitangaza mkutano, asubuhi magari yanatoka wapi? Farasi wanatoka, mbwa wanatoka, magari ya maji ya kuwasha yanatoka, vijana wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, wamejaa kwenye Land Cruiser kuanzia alfajiri hadi jioni na injini zinanguruma. Mafuta ya siku ile hayana mgao? Hapo ndipo mwananchi anapokasirika. Angekuta umaskini pande zote angevumilia.

La wajane naungana na wewe, na ungelianzishia uzi wake.

#6 Bibi Harusi wa Zamani

Mimi nitasema msichotaka kusikia. Nyie mnaoandika haki haki, Panya Road hawajaingia kwenu. Wenzangu wa Kawe na Tabata Kinyerezi mnaelewa. Vitoto vya miaka 16 na mapanga, kundi zima, wanavunja mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ukipiga simu 112 inaita tu. Septemba 2022 waliua mwanafunzi kule Kawe, binti wa watu. Baada ya hapo Polisi wakaingia kazini kweli, kadhaa wakauawa, na tukalala. Mimi nililala. Siwaonei huruma hata chembe na nikiambiwa leo wapigwe tena nitasema wapigwe.

#7 Fundi Cherehani

Nakuunga mkono dada. Na ile Januari 2015, Panya Road walivyozua taharuki Magomeni, Sinza mpaka Tandale, maduka yanafungwa saa moja jioni, akina mama wanakimbia na watoto mgongoni. Asiyekuwepo asitufundishe utu.

#8 Mlalahoi wa Tabata

Dada Bibi Harusi, sijakataa hofu yako. Naishi Tabata, geti langu lina alama ya panga.

Lakini hebu rudi juu kwenye kesi ya kwanza. Wale watu wa Mahenge tulitangaziwa kama nini? Majambazi. Waliuawa wapi? "Kwenye majibizano ya risasi." Sisi tulifanya nini? Tulishangilia. Laiti wasingekuwa na ndugu wabishi, mpaka leo tungekuwa tunasimulia kwamba mwaka 2006 Polisi walifagia majambazi wanne Sinza, na wewe na mimi tungelala vizuri kwa sababu hiyo.

Hao wa 2022 inawezekana kabisa wote walikuwa Panya Road. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hakuna aliyefika mahakamani. Mtu akishatangazwa jambazi akiwa maiti hakuna wakili, hakuna shahidi. Siku askari mwenye shida ya pesa akijua kwamba tangazo moja linafuta maswali yote, unadhani atakwenda kwa kibaka wa Mbagala ambaye mfukoni hana kitu? Ataenda kwa mwenye madini. Ataenda kwa mwenye duka la jumla. Vigelegele vyetu ndivyo vilivyowafungulia njia ya Pande, na hili linaniuma kulisema kwa sababu kijiweni nilikuwepo.

#9 Bibi Harusi wa Zamani

Kwa hiyo unataka tukatwe mapanga mpaka ushahidi ukamilike?

#10 Mlalahoi wa Tabata

Nataka 112 ipokelewe.

#11 Mzalendo Damu

Kila siku nchi mbaya, nchi mbaya. Nendeni Johannesburg mkakae wiki moja ndipo mje mtuambie. Hapa mama ntilie anafunga kibanda saa sita usiku anarudi kwake kwa miguu. Hayo mnayoita mauaji ya Polisi ni matukio machache, na kama ulivyosema mwenyewe waliohusika wamepelekwa mahakamani, wamehukumiwa kunyongwa. Sasa unataka nini tena? Mfumo umefanya kazi. Mnatumika na mabeberu bila kujijua.

#12 Ngosha Asiyelala

Mzalendo, nchi hii haijamnyonga mtu tangu 1994, kwa hiyo "kunyongwa" kwako ni kukaa gerezani, tuliweke sawa kwanza.

Pili, mfumo haukufanya kazi. Walioufanya ufanye kazi ni ndugu. Zote mbili. Toa kelele za familia, baki na mfumo peke yake, unabaki na majambazi wanne wa Sinza na kijana mmoja wa Nachingwea "aliyetoweka". Na Lissu, mbunge wa upinzani, je? Alimiminiwa risasi mchana, Septemba 2017, kwenye makazi ya wabunge Dodoma, eneo lenye walinzi. Nani kafikishwa mahakamani? Azory Gwanda, mwandishi, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017. Ben Saanane, kada wa Chadema, alitoweka Novemba 2016. Hizo nazo ziweke kwenye hesabu ya mfumo uliofanya kazi.

#13 Jirani wa Likoni

Hamjambo majirani. Nawasoma kutoka huku Mombasa, mniwie radhi nikiingilia.

Mnalilia chombo huru. Sisi tuko nacho. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, sheria ya 2011, ilizaliwa baada ya yale machafuko ya uchaguzi. Wana ofisi, wana wapelelezi wao wenyewe si wa polisi, unaenda unaandikisha malalamiko bure. Haya, sikizeni. Josephat Mwenda, mwendesha boda boda, alipigwa risasi na askari, akafanya mlivyosema, akaenda IPOA. Juni 2016 akitoka kortini Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi wakatekwa. Miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Kosa lake lilikuwa kulalamika mahali sahihi.

Na Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, ametolewa Homa Bay kwao akiletwa Nairobi kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu naibu mkuu wa polisi. Asubuhi ni maiti. Polisi wakasema amejigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali akapasua mwili, akasema hapana, huyu amepigwa. Yule naibu akakaa kando wiki chache, kisha akarudi ofisini.

Kwa hivyo msidhani jina kwenye mlango linatosha.

#14 Mlalahoi wa Tabata

Karibu jirani, hukuingilia.

Umeniletea mifano miwili mizito, na nakubali haichekeshi. Lakini nivumilie nikuulize, kesi ya Kimani ilikwendaje? Askari Leliman alihukumiwa kifo Februari 2023, wenzake wakapata miaka mingi. Kesi ya Ojwang je? Ndani ya mwezi ule ule OCS, yaani mkuu wa kituo, alikuwa kizimbani kwa shtaka la mauaji, na IPOA ndio waliokuwa wameshika upelelezi. Mkuu wa polisi alisimama mbele ya maseneta akaomba radhi kwa ile habari ya ukuta. Sisi hatujawahi kumwona IGP wetu akiulizwa swali la namna ile na mtu anayeweza kumfanya chochote.

Wamewaua wanaolalamika, ni kweli. Ila nyinyi angalau mnajua nani alilalamika, wapi, tarehe ngapi. Kuna karatasi. Sisi tunabaki na bango la "ametoweka" kwenye WhatsApp.

#15 Jirani wa Likoni

Hapo sina neno. Ingawa ujue OCS ni samaki mdogo. Wakubwa wanaogelea.

#16 Mama Zawadi

Samahanini kaka zangu, nimesoma yote ila mimi nina shida ya leo leo. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, alikamatwa Ijumaa usiku akitoka kuangalia mpira. Wanasema kuna simu imeibwa eneo lile. Leo Jumapili bado yuko ndani kituoni (sitaji ni kipi). Nimepeleka chakula, wamepokea. Kuhusu dhamana askari mmoja kaniita pembeni akasema niandae laki na nusu "ya kufungulia". Hana kosa huyu mtoto, ni kinyozi. Nifanyeje? Nikitoa hiyo hela kodi ya nyumba sina.

#17 Wakili wa Uswazi

Mama Zawadi, usitoe hela. Soma taratibu.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Unachotakiwa kuwa nacho ni mdhamini anayefahamika, kitambulisho chake cha NIDA, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Wizi wa simu ni kosa lenye dhamana. Sheria inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, na kama hilo halikuwezekana apewe dhamana kituoni. Kisingizio cha "ni wikiendi" ndicho wanachokipenda, ndiyo maana ukamataji mwingi wa namna hii ni Ijumaa usiku. Jumatatu mtu keshatoa hela kwa uchungu.

Ukifika usiongee na yule aliyekuita pembeni. Omba kumwona mkuu wa kituo mwenyewe. Uliza mambo matatu kwa upole: ameandikishwa kwa kosa gani, namba ya jalada ni ipi, mpelelezi ni nani. Andika kwenye daftari mbele yao, na majina uyaandike. Utashangaa daftari linavyofanya kazi. Kama ameshahojiwa, uliza alihojiwa saa ngapi, maana sheria inawapa saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na nyongeza ina utaratibu wake. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda mahakama zimekuwa zikiyakataa, nao wanalijua hilo.

Mlalahoi, nikirudi kwenye hoja yako, nakubaliana na nusu. Chombo huru tunakihitaji. Lakini usiwafanye watu waamini kwamba sheria zilizopo hazina meno kabisa. Mwaka 2022 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilirekebishwa, ikazuia kesi kufunguliwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa. Kabla ya hapo mtu alisota rumande kwa wizi wa kuku huku anasomewa "upelelezi haujakamilika" mpaka wajukuu. Hilo ni badiliko la kweli. Tatizo ni kwamba mwananchi hajui, na askari wa kaunta hana haraka ya kumwambia. Sasa kwa kuwa kesi haiwezi kufunguliwa haraka, wengine wanamshikilia mtu kituoni kimya kimya badala ya rumande. Shimo limehama.

#18 Afande Mstaafu

Mama Zawadi, fuata alichosema wakili. Nenda saa kumi na moja hivi jioni, zamu zinapobadilishana mkuu wa kituo huwa anapita kaunta. Sema unaomba "kuonana na OCS kuhusu dhamana", kwa sauti, watu wakisikia. Huyo wa laki na nusu hatasema neno mbele yake.

#19 Mama Zawadi

Ahsante sana afande, ahsante wakili. Mjumbe kasema mwenyekiti wa mtaa yuko msibani, mhuri kaondoka nao.

#20 Fundi Cherehani

Hii nchi jamani 😂😂

#21 Ngosha Asiyelala

Mama, mtendaji wa mtaa naye ana mhuri. Mpigie mtendaji.

#22 Mzalendo Damu

Mama Zawadi nitumie ujumbe pembeni, uko mtaa gani? Nina ndugu anafanya kazi mkoani, ampigie OCS simu moja tu huyo kijana atoke leo.

#23 Mlalahoi wa Tabata

Mzalendo, ubarikiwe kwa moyo huo, na Mama Zawadi usiikatae simu hiyo, mtoto kwanza.

Ila mkuu, juu kidogo ulituambia mfumo unafanya kazi.

#24 Mzalendo Damu

Mnapenda kuchokoza nyie. Mtoto atoke kwanza, tutabishana baadaye.

#25 Wakili wa Uswazi

Mama, ukimpata mtendaji hakikisha barua inataja jina la mdhamini kama lilivyo kwenye NIDA, herufi kwa herufi. Wanarudisha watu kwa herufi moja. Niko hewani mpaka usiku.

#26 Mama Zawadi

Mtendaji nimempata, yuko Barakuda, napanda bajaji sasa hivi.